Nguzo ya Mlangoni

Kaka yangu alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye jengo la ghorofa mbili ambalo nondo zake zilifungwa na baba yetu. Roshani ya mbele ilikatika pale inapokutana na ukuta, ikashuka naye. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Juu ya roshani hiyo kulikuwa na yeye na mifuko kumi na miwili ya saruji aliyoipanga ukingoni. Hayo yote yamo kwenye ripoti ya mkaguzi wa majengo, ukurasa mmoja na nusu, na nakala yake mama aliiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vibunda vya uzi. Ripoti inaishia hivi: "Chanzo ni kuzidishwa kwa mzigo na marehemu, kinyume na maelekezo aliyopewa."

Aliyempa mkaguzi maelezo ni baba. "Nilimkataza," alisema. "Hakunisikia."

Maneno hayo yakahamia nyumbani. Kwa miaka saba kaka hakuitwa kwa jina lake. Mama alipolazimika kumtaja alisema "yule mkaidi wangu", halafu akarudi kwenye mshono. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Niliiamini ripoti kwa sababu ilikuwa na muhuri.

Nyumba yetu nayo ina roshani. Baba aliijenga mwaka mmoja kabla ya ajali, siku ambazo hakuwa na kazi ya watu. Juu tunalala, chini ni chumba ambacho mama anashonea nguo, na mbele ya chumba hicho kuna baraza lililozungushiwa ukuta mfupi wenye upenyo mmoja wa kuingilia. Siku ya tisa baada ya mazishi, baba alikuja na bomba la chuma nene kama mguu wa meza ya bucha, akalisimamisha katikati ya upenyo huo, chini ya ukingo wa roshani. Nakumbuka sauti ya nyundo juu yake, muda mrefu. Alipomaliza alitundika taa. "Wateja wako waone wanapokanyaga," alimwambia mama.

Tangu hapo wateja wa mama waliingia kiubavu. Wanene walilalamika, wembamba waliwacheka. Baba alikuwa hapiti bila kuweka kiganja kwenye nguzo ile, kama mtu anayempima mtoto homa. Mama aliamini kuwa ni huzuni. Mimi sikuamini chochote. Niliona tu kwamba anafanya hivyo kila siku, na kwamba juu ya roshani yenyewe hakukanyaga tena.

Jambo jingine ni sauti. Kila siku, kama saa kumi jioni, jua linapoiacha roshani, zege hulia. Tak. Kimya. Kisha tak, tak. Mama alikuwa akisimamisha cherehani.

"Kaka yako huyo. Anatembea."

"Ni zege, mama. Mchana limepata joto, sasa linapoa, linasinyaa."

"Haya. Lisinyae tu. Ila linasinyaa kwa hatua za mtu."

Nilipoingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa ujenzi, mama alifurahi na baba akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu alinipa futi yake ya chuma, ile ya mita tano ambayo alikuwa hamwazimi mtu. Mafundi wenzake humwita Koleo, kwa sababu ya koleo linalokaa mfuko wa nyuma wa suruali yake hata akienda msibani.

Statiki ni somo la vitu visivyosogea. Mhadhiri wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na tulimpa jina la Jumla Sifuri kwa sababu hayo yalikuwa salamu yake, kwaheri yake na tusi lake. Kani zinazokwenda juu ukizijumlisha na zinazokwenda chini, jumla sifuri. Za kulia na za kushoto, jumla sifuri. Zinazotaka kukizungusha kitu, jumla sifuri. Isipokuwa sifuri, kitu kitasogea, na kikisogea, alisema, hilo ni somo la mwalimu mwingine na pengine la daktari.

"Kisichosogea hakijatulia," alitwambia siku ya kwanza. "Kinashikiliwa. Kazi yenu ni kumtafuta anayekishikilia."

Njia ni hii. Unakichukua kitu, unakikata kutoka kwa kila kinachokigusa, unakichora peke yake kwenye karatasi nyeupe. Kisha kila ulichokiondoa unakirudisha kama mshale. Ukiondoa ukuta, unachora kile ambacho ukuta ulikuwa unafanya. Ukiondoa mtu aliyesimama pale, unachora uzito wake. Wanafunzi wengi hukosea kwa kusahau mshale.

Mimi nilikosea kinyume chao, na naandika kama ilivyotokea. Kwenye zoezi la pili la muhula niliposhughulikia boriti iliyotoka ukutani bila egemeo upande wa pili, nilichora mshale mmoja zaidi, ule wa mwisho kabisa, ukingoni, unaoelekea chini. Haukuwamo kwenye swali. Sikukumbuka kuuchora. Zoezi la tatu, vivyo hivyo. Zoezi la tano, karatasi ilirudi na maandishi mekundu: *Mshale huu umetoka wapi?* Akaniita ofisini.

"Swali lina mizigo miwili. Wewe una mitatu. Huyu wa tatu ni nani?"

"Sijui, Mwalimu. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Mkono hauna mtihani. Wewe unao."

Wiki iliyofuata alikuja darasani na kipande cha sponji ya godoro, kirefu kama mkono, alichokichorea mistari ya wima ubavuni kwa kalamu. Alikibana upande mmoja kwenye ukingo wa meza na kuuacha upande wa pili ukining'inia hewani. Akabonyeza ncha. Mistari ya juu ikaachana. Ya chini ikabanana.

"Hii ni roshani. Wapi panafunguka?"

"Juu," tukasema.

Akakiweka tena, safari hii juu ya vitabu viwili, kimoja kila upande, akabonyeza katikati. "Hii ni sakafu ya chumba chako. Wapi panafunguka?"

"Chini."

"Nondo mnaweka wapi?"

"Panapofunguka!"

"Kwa nini?"

Jirani yangu, kijana mrefu tuliyemwita Twiga, alijibu bila kunyoosha mkono: "Kwa sababu zege ni kama mjomba wangu, Mwalimu. Ukimsukuma anavumilia. Ukimvuta tu, anakatika."

Darasa likacheka. Hata Jumla Sifuri alitabasamu. Mimi nilikuwa natazama sponji. Alikuwa ameirudisha ukingoni mwa meza, ikining'inia, na ile mistari ya juu ilikuwa wazi kidogo bado.

Zoezi kubwa la muhula lilikuwa kwenda kupima kitu kimoja cha kweli kisichosogea na kuonyesha kinachokishikilia. "Msiniletee daraja la kitabuni," alionya. Wengine walichagua tangi la maji, bango la barabarani, goli la uwanja wa mpira. Mimi nilimwambia nitachukua roshani iliyokwisha kuanguka.

"Hiyo ilisogea."

"Naitaka kabla haijasogea, Mwalimu."

Akaliandika kwenye orodha yake.

Vipimo vilikuwa kwenye ripoti: kutoka ukutani mita moja na nusu, unene sentimita kumi na tano, ukuta mdogo wa matofali ukingoni, nondo za milimita kumi na mbili kila sentimita kumi na tano. Haikusema nondo zilikaa upande gani. Nilizichora juu, kwa sababu huko ndiko zinakokaa. Nikaweka uzito wa zege, uzito wa ukuta mdogo, mifuko kumi na miwili. Mwisho nikaweka kilo sitini na mbili za kaka yangu. Kwa mara ya kwanza mshale ule ulikuwa na haki ya kuwapo.

Momenti pale ukutani, yaani nguvu ya kuipindua roshani, ilikuja kama kilonyutoni-mita kumi na mbili. Mifuko ilichangia chini ya theluthi moja. Kaka alichangia kiasi ambacho ningeweza kukiacha bila kuharibu jibu.

Nilipeleka karatasi ofisini. Jumla Sifuri aliisoma akiwa amesimama.

"Hesabu ni safi. Sasa hii si ya muhula huu, lakini nitakupa. Nondo hizi zikikaa juu kama ulivyochora, roshani hii inabeba ishirini na tano bila kuguna. Wewe umepata kumi na mbili."

"Kwa hiyo isingeanguka."

"Kwa karatasi hii, isingeanguka."

"Ilianguka, Mwalimu."

Akavua miwani, ikabaki ikining'inia kwenye kamba. "Basi karatasi inasema uongo mahali fulani."

"Zikiwa chini?"

"Zikiwa chini, juu panabaki zege tupu, na zege tupu likivutwa ni chaki. Litakaa. Mbao zitaondolewa, litakaa tu, watu watapiga picha. Halafu siku moja mtu ataegemea."

"Mtu mwenye mifuko kumi na miwili."

"Mifuko, au wageni, au mvua iliyoingia kwenye rundo la mchanga. Mzigo haukuwa chanzo. Mzigo ulipanga tarehe tu." Akanirudishia karatasi. "Aliyefunga nondo ni nani?"

"Fundi mmoja," nikasema.

Nilijipa maelezo mengine. Nondo huwekwa juu, kisha wabeba zege wakazikanyaga zikashuka. Hutokea sana, na hapo aliyefunga hana kosa lote. Maelezo hayo yalikuwa na akili, na niliishi nayo siku nne, mpaka Jumamosi.

Jumamosi nilifika nyumbani saa tatu asubuhi. Barazani alikuwepo baba mdogo, mdogo wake baba, fundi wa kuchomelea, amevaa miwani ya kazi kwenye paji la uso na grenda mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, injinia! Umekuja wakati mzuri. Mimi nakata, wewe unasimama pembeni na kukunja uso. Si ndiyo kazi yenu?"

"Unakata nini?"

"Mpenzi wa baba yako huyu." Akaipiga nguzo kofi. "Leo tunampa talaka."

Sauti ya mama ikatoka juu, kwenye roshani. "Mwambie aache mdomo akate! Gari la mashine linafika saa tano!"

Mama alikuwa amepata kazi ya sare za shule nzima, na alikuwa amenunua mashine kubwa ya kiwandani, iliyoungwa na meza yake ya mita mbili. Isingepita kwenye upenyo ule nguzo ikiwepo.

"Baba anajua?" nikauliza, nikiangalia juu.

"Baba yako nimemwambia miaka mitatu. Kila siku kesho. Leo ndiyo kesho yenyewe."

Baba alikuwa safarini kwenye kazi ya watu, kama Jumamosi nyingi. Na mama, ili kupisha mashine, alikuwa amehamisha vitambaa vyote vya dukani. Niliviona kutoka chini: majora makubwa ya kaki na bluu, yamepangwa ukingoni kwa mstari, yakiegemea reli, na yeye katikati yake juu ya kigoda, akikata nyuzi za sare zilizokwisha.

Ukingoni. Neno lile lilinijia likiwa na muhuri wa ripoti.

Niliingia barazani nikatazama dari, yaani tumbo la roshani. Chokaa ilikuwa na mistari ya kutu, myembamba, iliyonyooka kutoka ukutani kwenda nje. Nilitoa futi. Kati ya mstari na mstari, sentimita kumi na tano. Mahali pamoja zege lilikuwa limedondoka kipande kama sahani, na nondo ilionekana, unene wa kidole. Hilo peke yake halikuthibitisha kitu. Roshani nzuri inaweza kuwa na nondo chini na juu pia.

"Nipe dakika kumi, baba mdogo. Nataka kupima kitu."

"Pima, pima. Acha nitafute waya wa umeme, huu mfupi." Akaondoka akiimba.

Kwenye kisanduku cha baba nilichukua wembe wa msumeno wa chuma na bisibisi. Nikapanda.

"Mama, ingia ndani kidogo."

"Niingie nifanye nini? Hujanisalimia, unanipa amri."

"Shikamoo. Ingia ndani."

"Marahaba. Siingii. Nina sare arobaini hapa."

Pale roshani inapokutana na ukuta, chini kabisa ya kizingiti cha mlango, kulikuwa na ufa ulioendelea urefu wote wa ukuta. Sikuwahi kuuona kama ufa. Niliuona kama mstari wa simenti. Sasa nilipopiga magoti niliona simenti ya rangi tatu, moja juu ya nyingine, ya miaka tofauti.

"Nani anaziba hapa?"

"Baba yako. Kila mwaka anakwangua na kuziba. Anapiga magoti humo chumbani, ananyoosha mkono tu, kama anayemlisha mbwa mkali. Namwambia, wewe mwanaume, hapo hakuna hata sisimizi."

Nilikwangua simenti kwa bisibisi. Wembe wa msumeno ukaingia kwenye ufa. Sentimita tatu, ambapo nondo za juu hupatikana. Tano. Nane. Nikaushika kwa kitambaa nikauvuta kando, kuelekea mwisho wa roshani. Kama nondo zilikuwa juu, kwenye mita mbili wembe ungegota mara kumi na tatu. Nilikuwa nimejiandaa kuhesabu.

Haukugota hata mara moja. Ulipita mpaka mwisho.

Nilikaa pale, kiganja juu ya zege, na bila kutaka nikaifanya hesabu. Roshani hii ilikuwa sponji iliyobanwa upande mmoja, na upande unaofunguka haukuwa na kitu. Lakini ukiweka egemeo kwenye ncha, sponji inageuka kuwa ile ya vitabu viwili. Panapofunguka panakuwa chini, na chini nondo zipo. Mtu aliyeweka egemeo lile alijua vizuri sana nondo ziko wapi.

Chini yangu grenda ikalia.

Sikufikiri. Nilimshika mama mkono, nikamvuta kutoka kwenye kigoda mpaka chumbani, mkasi ukaanguka, sare zikaanguka. Alipiga kelele nimemtegua bega. Nilikuwa tayari nimefika kwenye ngazi. Nilimwita baba mdogo, hakunisikia; cheche zilikuwa zinaruka mpaka ukutani. Nikafuata waya mpaka kwenye soketi ya chumba cha kushonea, nikaung'oa.

Baba mdogo alipandisha miwani.

"Umeme umekata?"

"Nimekata mimi."

"Una nini, mtoto? Halafu njoo uone. Nimekata chuma kidole kimoja, nimekuta zege. Kaka kajaza zege ndani! Nani anajaza zege kwenye nguzo ya taa?"

Mama alishuka akijishika bega, tayari na maneno. Aliponiona uso, akayameza.

"Sema," akasema.

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningeweza kusema nguzo ni ya usalama, waya wa umeme unapita hapo, chochote. Baba angerudi, tungemaliza mimi na yeye, na roshani ingebaki juu. Ilikuwa inawezekana kabisa kuishika roshani bila kumwacha baba aanguke. Lakini ripoti ilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka pale, na ndani yake mtu wa miaka kumi na tisa bado alikuwa amebeba kitu kisicho chake.

"Nguzo hii haishiki taa, mama. Inashika roshani. Nondo zimewekwa chini, na kwenye roshani zinatakiwa juu. Bila nguzo, ile ingeshuka na wewe na vitambaa vyako."

"Tangu lini inashika?"

"Tangu siku ilipowekwa."

Mama ameishi na mfunga nondo miaka ishirini na sita. Hakuhitaji sponji.

"Siku ya tisa," akasema.

"Shemeji," baba mdogo akaanza, "labda kaka aliona tu ni vizuri kuwa na..."

"Siku ya tisa. Shuka za mwanangu nilikuwa bado sijazifua."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kumsikia akisema mwanangu bila neno mkaidi. Baba mdogo aliangalia grenda kana kwamba imemsema vibaya. Mama akafungua droo, akatoa vibunda vya uzi kimoja kimoja, akaichukua ripoti na kuiweka juu ya cherehani ya zamani. Hakuisoma.

Mashine ilifika saa tano na nusu. Baba mdogo aliondoa nondo za dirisha la ubavuni, tukaipitisha hapo, watu sita, na wapakuzi wakasema hawajawahi kuona duka linaloingiza bidhaa kama mwizi. Majora yote niliyahamishia chumbani. Hakuna aliyecheka sana.

Baba alirudi Jumapili, saa kumi kasoro kidogo. Nilikuwa barazani, nikamwona akija na begi lake la zana begani. Aliweka kiganja kwenye nguzo, kama kawaida, na vidole vyake vikakuta mkato. Akavipitisha humo taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakugeuka kuniangalia.

"Ingia," mama alimwambia kutoka ndani. "Haijakatika."

Aliingia kiubavu, akakaa kwenye benchi la wateja, begi mapajani. Mama alikuwa nyuma ya mashine mpya, mikono juu ya meza.

"Nakuuliza kitu kimoja. Mwanangu alikukaidi nini?"

Baba alitoa koleo mfukoni, akaliangalia, akalirudisha.

"Aliniambia nondo zinakaa juu," akasema. "Alikuwa amefundishwa chuo cha ufundi, muhula wa kwanza. Alitaka kuzifungua azifunge upya. Nikamkataza. Nilikuwa nimefunga sakafu za vyumba miaka ishirini, nondo chini. Mkono ulishazoea chini. Nikamwambia, hunifundishi kazi."

"Na saruji?"

"Kuhusu saruji hakuna aliyemwambia neno. Aliiweka palipokuwa na nafasi." Akavuta pumzi. "Nilipofika pale, kabla hawajaondoa kifusi, niliona palipokatika. Juu peupe. Nondo zote ziko chini, zimeinama. Mkaguzi alikuja siku ya tatu, kifusi kimeshasafishwa. Akaniuliza, ulimkataza? Nikasema nilimkataza."

Mama hakulia. Alikunja pindo la kitambaa lililokuwa limekwisha kukunjwa.

Swali langu lilikuwa la kihandisi, na nililiuliza kwa sababu lilikuwa linaulizika. "Baba, kabla ya kujua, ulifunga roshani ngapi?"

"Ukiacha iliyoanguka, pamoja na hii, kumi." Alijibu haraka, namba ilikuwa tayari mdomoni. "Tisa za watu."

"Zina nguzo?"

"Saba. Moja niliwaambia ya taa, nyingine ya kupandisha maua, nyingine ya kibao cha duka. Nanunua bomba mwenyewe." Ndipo nilipojua Jumamosi zake zilikuwa zinakwenda wapi. "Mbili wanakataa. Wanasema inaharibu sura ya nyumba. Jana nilikwenda tena. Moja wanaanika nguo tu. Nyingine watoto wanasomea pale jioni, kwa sababu kuna mwanga."

"Umewaambia sababu?"

Akatikisa kichwa, akalishusha begi sakafuni.

Nilikuwa nimeandika asubuhi ile, nakala tatu, kwa mwandiko wa mitihani. Vipimo vya roshani iliyoanguka. Mahali nondo zilipowekwa na nani. Kwamba marehemu alishauri kinyume na akazuiwa, mstari nilioongeza pale pale kwenye kila nakala baada ya kumsikia. Kwamba mzigo wote, pamoja na wake, ulikuwa chini ya nusu ya ule ambao roshani iliyofungwa sawasawa ingebeba. Nakala moja ya ofisi ya mkaguzi; mbili nilizoandika za akiba sasa zikawa za wenye nyumba wale wawili. Nikaziweka kwenye benchi pembeni yake, na kalamu juu.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alirudi mwanzo akasoma tena.

"Nikisaini hii sitafunga nondo tena."

"Labda," nikasema. Sikuwa na hesabu ya hilo.

"Na yeye," akasema, "yeye kaka yako..."

"Ana jina," mama akasema. "Lisikike humu ndani."

Baba akalitaja. Sauti yake ililibeba vibaya, kama mtu anayefungua kufuli lililoshika kutu, na chumba kizima kikalisikia.

Juu yetu jua lilikuwa linaiacha roshani. Tak.

Mama akanyanyua uso kuangalia dari, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa ananisubiri niseme, kama siku zote, kuhusu joto na kusinyaa. Maneno nilikuwa nayo. Nilijua hata kipimo chake kwa kila nyuzi moja ya joto.

Sikusema kitu.

Tak, tak. Baba, kalamu mkononi, alisubiri hatua ziishe. Kisha akasaini ya kwanza, akaigeuza, akavuta ya pili.